Usiondoe Kichujio

Leo naomba tuongee habari ya seva inayomkataa mtu mwenye neno la siri sahihi. Ni jambo linaloudhi kuliko mengi katika kazi hii yetu. Na ile dawa ambayo mafundi wengi wanaikimbilia, yaani kuondoa kichujio ili watu waingie kazi iendelee, mimi naiona ni mbaya kuliko ugonjwa wenyewe. Nitasema kwa nini, na nitaonyesha pia jinsi ya kutafuta kosa bila kuvunja mlango. Nyinyi ambao hamjawahi kugusa seva msikimbie, nitakwenda polepole.

Tuelewane kwanza maneno. Ofisi yenye mashine nyingi haitaki kuandika majina ya wafanyakazi upya kwenye kila mashine. Inaweka daftari moja mahali pamoja, ndilo tunaloita saraka, na kila seva inakwenda kuuliza huko. Lugha ya kuulizia inaitwa LDAP. Ilizaliwa kwenye Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani, na maelezo yake rasmi ya kwanza yalitoka 1993, kwa sababu mfumo uliotangulia, X.500, ulikuwa mzito mno kwa kompyuta za mezani za wakati ule. Mwaka 1998 ikatoka RFC 2307, ikaeleza namna ya kuweka akaunti za Unix ndani ya saraka. Mwaka 2000 Microsoft wakaja na Active Directory ndani ya Windows 2000, nayo inazungumza LDAP hiyo hiyo. Kwa hiyo uwe na Linux au Windows, uwe benki ya Nairobi au ofisi ya vyumba viwili huku Chepseon, habari ni ile ile.

Sasa, daftari lina watu wote: meneja, makarani, walinzi, wanafunzi wa mafunzo ya nyanjani wanaokaa miezi mitatu na kuondoka. Si wote wanaostahili kuingia kwenye seva ya hesabu. Hapo ndipo kichujio kinapohitajika. Ni sentensi fupi kwenye faili la mipangilio inayosema: mruhusu mtu wa namna hii tu. Sisi watu wa chai tuna kichungi jikoni, na uzuri wake ni kwamba ukimaliza kumimina unaona majani yaliyobaki ndani. Cha seva hakikuonyeshi kitu. Mtu anaandika neno la siri, muunganisho unafungwa, basi.

Ndiyo maana kila mtu anadhani ni neno la siri. Lakini seva ya Linux ina milango miwili. Wa kwanza unauliza: wewe ni nani, na unaweza kuthibitisha? Wa pili unauliza: hata kama ni wewe kweli, je, unaruhusiwa humu? Kichujio kinakaa kwenye mlango wa pili. PAM, ule mfumo wa Linux unaosimamia mambo ya kuingia, unauita mlango wa kwanza auth na wa pili account. Fungua kumbukumbu za seva, yaani /var/log/auth.log kwa Debian na Ubuntu, au /var/log/secure kwa jamaa za Red Hat, na kama unatumia SSSD utakuta kitu cha namna hii (nimefupisha):

pam_sss(sshd:auth): authentication success; user=jkoech
pam_sss(sshd:account): Access denied for user jkoech: 6 (Permission denied)

Mstari wa kwanza unasema neno la siri limekubaliwa. Wa pili unasema mwenye neno hilo amekataliwa. Ukiiona miwili hiyo ikifuatana, acha kumbadilishia mtu neno la siri. Nimeshuhudia karani akibadilishiwa mara nne kwa siku moja, mpaka mwisho akaliandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo cha kompyuta.

Hiyo ilikuwa kwenye sacco moja, sitaitaja. Wanachama wake wengi ni wakulima wa majani chai, na programu yake ya hesabu ni ya zamani kidogo, inaendeshwa ndani ya seva yenyewe, kwa hiyo kila karani anaingia kwenye seva kwa SSH. Wikendi moja fundi kutoka mjini alikuja akapandisha matoleo, akaweka SSSD, akaandika kichujio kizuri tu:

ldap_access_filter = (memberOf=cn=makarani,ou=makundi,dc=mfano,dc=co,dc=ke)

Jumatatu asubuhi makarani wote wa zamani wakakataliwa. Msichana wa mafunzo ya nyanjani, aliyekuwa ameanza kazi asubuhi hiyo hiyo, akaingia bila shida. Ilikuwa mwisho wa mwezi, watu wamepanga foleni hadi barabarani wakitaka pesa zao. Fundi akaongozwa kwa simu. Alianza na maneno ya siri kama nilivyosema. Kisha akafuta mstari wa kichujio, na hapo mambo yakazidi kuharibika, kwa sababu SSSD ikiwa imeambiwa itumie ldap kuamua nani aingie halafu isipewe kichujio, inakataa watu wote. Mwishowe akaandika access_provider = permit. Neno hilo maana yake ni moja tu: yeyote aliye kwenye daftari, karibu ndani. (Haya sikusimuliwa. Aliacha nakala za faili zake za kila hatua, na kwa hilo nampa heshima.)

Foleni ikaisha. Siku tatu baadaye mama meneja akaniita kwa sababu aliona jina lisilo la karani kwenye orodha ya waliofungua mafaili ya mikopo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mafundi wenzangu. Wanasema, "Watu walikuwa wanangoja pesa, ungefanyaje?" Ningewaruhusu makarani watano kwa majina yao. SSSD ina njia rahisi kabisa ya kufanya hivyo: access_provider = simple, halafu simple_allow_users na majina matano. Dakika mbili. Foleni inakwenda, na mlango bado una mlinzi. Faili la mkopo lina kitambulisho cha mtu, mshahara wake, majina ya wadhamini wake, wakati mwingine hata habari za ugonjwa ulioleta huo mkopo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu aweke hatua za kiufundi na za kiofisi za kuzilinda. Na hata bila sheria, Chepseon ni mahali padogo. Habari kwamba fulani ameshindwa kulipa mkopo ikitoka ofisini saa nne, saa sita imefika sokoni.

Basi turudi kwenye kitendawili. Mzee mmoja karani aliniuliza, na alikuwa ameumia kweli: "Kijana, mimi niko hapa tangu wakati wa vitabu vya karatasi. Mashine inamjua huyu mtoto, mimi hainijui?"

Nikamwambia, "Inakujua, mzee. Haijui tu kwamba uko kwenye kundi."

Jibu liko kwenye neno memberOf. Kundi kwenye saraka lina orodha ya watu wake: kundi la makarani, wanachama ni huyu na huyu na huyu. Kichujio hakiulizi hivyo. Kinamshika mtu mmoja na kumuuliza: wewe uko kundi gani? Ni swali lile lile kutoka upande wa pili, na saraka inahitaji kuandika jibu kwenye ukurasa wa mtu huyo. Active Directory inafanya hivyo yenyewe. OpenLDAP inatumia kiongezi ambacho lazima ukiwashe. Na kiongezi hicho kinaanza kuandika siku unapokiwasha, hakirudi nyuma. Kundi lilijazwa miaka mingi iliyopita, kiongezi kikawashwa Jumamosi, msichana akaongezwa Jumatatu. Ni yeye peke yake aliyeandikiwa.

Dawa: mtoe kila mtu kwenye kundi na umrudishe. Mmoja mmoja, kwa sababu kundi la aina ya groupOfNames halikubali kuwa tupu hata kidogo. Ilichukua dakika kumi, na nusu ya hizo nilikuwa nakunywa chai.

Lakini kufika hapo kuna mitego miwili ambayo naomba uikumbuke. Wa kwanza: kwenye OpenLDAP sifa ya memberOf haionekani ukimtafuta mtu kwa kawaida. Lazima uitaje kwa jina lake mwishoni mwa amri. Fundi asiyejua hilo ataona haipo kwa mtu yeyote, hata kwa yule anayeingia vizuri, na atapotea njia kabisa. Wa pili ni mbaya zaidi. Watu wanajaribu kichujio wakiwa wamejitambulisha kwa saraka kama msimamizi mkuu. Msimamizi mkuu hazuiwi na kanuni zozote za usomaji, kwa hiyo kwake kila kitu kinajibu. Seva yako haiulizi kama msimamizi. Inauliza kwa akaunti ndogo iliyopewa, na kama akaunti hiyo haina ruhusa ya kutafuta kwa kutumia sifa ya memberOf, kichujio hakitapita hata kama mtu yuko kwenye kundi. Jaribu kama seva inavyojaribu:

ldapsearch -x -H ldaps://saraka.mfano.co.ke -D "cn=msomaji,dc=mfano,dc=co,dc=ke" -W -b "ou=watu,dc=mfano,dc=co,dc=ke" "(uid=jkoech)" memberOf

Kisha rudia ukiweka kichujio chenyewe mahali pa uid. Wakitoka watu unaowatarajia, kosa liko kwenye seva. Wasipotoka, kosa liko kwenye saraka. Nusu ya kazi imekwisha. Kwa wenye Active Directory, ongeza jambo moja: memberOf ya kawaida haioni kundi lililo ndani ya kundi lingine. Kwa hilo kuna namba ndefu ya kuingiza kwenye kichujio, 1.2.840.113556.1.4.1941. Usijaribu kuikariri.

Sasa niseme juu ya alama ya mshangao, ambayo kwenye vichujio maana yake ni "si". Kuna mafundi wanaoandika kichujio kwa kukataa: mtu yeyote ambaye si kibarua aingie, (!(employeeType=kibarua)). Inasomeka vizuri. Lakini mantiki ya LDAP haina majibu mawili, ina matatu: ndiyo, hapana, na haijulikani. Kama mtu hana sifa hiyo kwenye ukurasa wake, kwa sababu karani wa ajira alisahau kuijaza, jibu la "ni kibarua?" ni hapana, na "si" mbele yake inaigeuza kuwa ndiyo. Anaingia. Kusahau kumejifungulia mlango. Upande wa pili, kama jina la sifa umelikosea herufi moja na saraka haiijui sifa hiyo, jibu ni haijulikani, na "si haijulikani" inabaki haijulikani. Hakuna anayeingia, hata meneja. Alama moja ndogo, inakosea pande zote mbili. Kichujio changu hakitumii "si" ila nikilazimika, kama kwenye Active Directory ambapo akaunti zilizofungwa hutengwa kwa njia hiyo. Uliza mtu ana nini, usiulize hana nini.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ng'ambo havikuambii, nalo ni majina yetu. Huku kwetu mtoto anaitwa kwa wakati aliozaliwa, kwa hiyo kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Koech ishirini, wengine Kipkoech, wengine Chepkoech. Anayetengeneza jina la kuingilia kwa herufi ya kwanza na jina la mwisho atapata ckoech watatu kabla ya saa ya chai. Halafu kuna Lang'at. Huyu anaandikwa Langat kwenye kitambulisho, Lang'at kwenye cheti cha shule, na akiandikwa kwa simu au kwenye Word ile ritifaa inageuka kuwa ile iliyopinda, Lang’at. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa saraka ni herufi tofauti kabisa, na haitazilinganisha.

Ritifaa yenyewe haina kosa ndani ya kichujio. Herufi zinazohitaji kulindwa ni mabano, kinyota, na mkwaju wa kinyume: mabano ya kufungua yanaandikwa \28, ya kufunga \29, kinyota \2a, mkwaju \5c. Lakini ukiandika amri yako ndani ya alama moja moja za kunukuu, ritifaa ya Lang'at inaifunga nukuu katikati na amri inabaki ikining'inia. Tumia alama mbili mbili. Na ukitaka kujua kama jina lina ritifaa iliyopinda, angalia matokeo ya ldapsearch: kama baada ya jina la sifa kuna nukta mbili maradufu, cn:: badala ya cn:, kisha herufi zisizosomeka, ujue thamani hiyo ina kitu kisicho cha kawaida. Mara nyingi ni ritifaa iliyopinda, au nafasi tupu mwishoni mwa jina.

Kwa sababu hiyo napinga kuweka jina la mtu kwenye anwani yake ya saraka. Binti akiolewa akabadilisha jina, anwani inabadilika, na kundi linabaki na anwani ya zamani isiyo na mtu, isipokuwa kama umewasha kiongezi cha refint kinachofuatilia mabadiliko hayo. Tumia namba ya mfanyakazi. Haiolewi.

Mwisho, stima. Mvua ikinyesha sana huku, stima inakwenda, na mtandao unafuata. Kama saraka iko makao makuu na seva iko tawini, SSSD ikishindwa kuifikia saraka inafanya kazi kwa kumbukumbu: kama imeruhusiwa kuhifadhi maneno ya siri, na mara ya mwisho mtandao ukiwepo uliruhusiwa, utaruhusiwa tena. Kama ulikataliwa, utakataliwa. Hii ina maana kwamba karani aliyefukuzwa leo asubuhi, mtandao ukiwa umekatika, anaweza kuingia leo mchana. Fundi aliyesahau hilo anaweza kukaa saa nzima akirekebisha kichujio ambacho hakuna anayekisoma. Na tafadhali usifute yaliyomo kwenye /var/lib/sss/db wakati mtandao haupo. Najua ni ushauri unaotolewa kila mahali. Ukifanya hivyo umefuta kitu pekee kilichokuwa kikiwaruhusu watu kufanya kazi. Mahali penye pesa mimi naweka nakala ya saraka kwenye jengo lile lile, hata kama ni kwenye kompyuta kuukuu, na kabla ya kugusa kichujio naacha dirisha moja limefunguliwa nikiwa root wa seva yenyewe, siyo wa kwenye saraka.

Pale sacco nilirudisha kichujio kile kile cha fundi, neno kwa neno, kwa sababu hakikuwa na kosa. Mstari mmoja, kundi moja. Nani awe kwenye kundi si kazi yangu wala yake, ni kazi ya ofisi. Nikaandika programu ndogo ya mistari sita inayoamka kila Jumatatu saa moja asubuhi, inauliza saraka kwa kichujio hicho hicho na akaunti ile ile ndogo, kisha inachapisha majina ya wote wanaopita. Karatasi inawekwa mezani kwa mama meneja, naye anaweka sahihi au anakata jina. Wiki ya kwanza alikata mawili. Mmoja alikuwa amehamia Bomet mwaka uliopita.